Mzio wa Mama na Mtoto Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya hujirudia kwenye mabenchi ya kliniki za wajawazito, kuanzia Mbeya mjini na Rungwe hadi Njombe, Makete, Mufindi na Kilolo. Yote yanazunguka jambo moja: mwili wa mama mwenye pumu, mwenye kuwashwa ngozi au anayepiga chafya kila asubuhi unamwachia nini mtoto aliye tumboni? Kilichonisukuma kuyajibu ni kuona mjamzito akinyimwa mayai na samaki, halafu mtoto akitoka vipele, lawama zinamrudia yeye yule yule.

Mzio ni nini, na kinga ya mwili inaingiaje hapo?

Mzio, au aleji kama wengi tunavyouita, ni kinga ya mwili kushambulia kitu ambacho hakina madhara: chavua ya majani, kinyesi cha utitiri wa kwenye godoro, protini ya yai au ya karanga. Mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, za aina ya IgE dhidi ya kitu hicho. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli za masti, ambazo zimetawanyika kwenye ngozi, pua, mapafu na utumbo. Kitu kile kikirudi, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine ndani ya dakika chache. Ndipo macho huwasha, ngozi huvimba au kifua hubana.

Pumu, pumu ya ngozi, mafua ya mzio na mzio wa chakula mara nyingi huonekana ndani ya familia moja. Lakini si kila kikohozi ni mzio. Mtoto anayekohoa na kupumua haraka wakati wa baridi ya Makete anaweza kuwa na nimonia, na anayejikuna usiku pamoja na wote anaolala nao huenda ana upele wa kuambukiza. Apimwe kwanza.

Nina pumu. Je, mtoto wangu atazaliwa nayo?

Hazaliwi nayo. Anachoweza kurithi ni wepesi wa mwili kuelekea kwenye mzio. Mama aliye na mzio wa karanga anaweza kupata mtoto anayekula karanga bila shida yoyote, ila ana mafua ya mzio.

Mwaka 2010 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za pumu ya wazazi. Mama akiwa na pumu, uwezekano wa mtoto kuipata ulikuwa takriban mara 3 ukilinganisha na mtoto wa mama asiye nayo. Baba akiwa nayo, ulikuwa kama mara 2.4. Kwa hiyo baba naye yumo, na kina baba wasikilize hapa, maana nyumbani kwetu ugonjwa wa mtoto huhesabiwa upande wa mama peke yake. Hiyo ziada ya upande wa mama ndiyo inayowafanya wanasayansi waangalie tumbo la uzazi na maziwa, si jeni pekee.

Majaribio ya panya yanaonyesha jambo la kushangaza zaidi. Watoto wa panya mwenye pumu walipata pumu kwa urahisi hata walipokutanishwa na kichochezi cha mzio ambacho mama yao hakuwahi kukutana nacho. Maana yake mama hakuwapa kumbukumbu ya kitu fulani. Kinga yao yote iliegemea upande wa mzio tangu mwanzo.

Hata hivyo, watoto wengi wa akina mama wenye pumu hukua bila pumu.

Kinga ya mama inamfikiaje mtoto tumboni?

Njia unayoijua tayari ni ile ya sindano ya pepopunda. Mjamzito akichomwa, mwili wake hutengeneza kingamwili za aina ya IgG, nazo huvushwa kwenye kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho. Haziponyoki tu kupita: kondo lina kipokezi maalumu kinachozishika na kuzivusha. Ndiyo maana mtoto mchanga analindwa dhidi ya pepopunda kabla hajachanjwa, na ndiyo maana njiti huzaliwa na akiba ndogo ya kinga ya mama.

Njia ya pili ni ya IgE, yaani kingamwili za mzio zenyewe, ingawa kwa kawaida hazivuki hivyo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mzio wa mama unaishia kwa mama. Kisha mwaka 2020 watafiti wa Singapore wakachapisha kazi yao ya panya katika jarida la Science. Walionyesha kwamba IgE ya mama inaweza kuvuka kondo kwa msaada wa kipokezi kile kile cha IgG, ikajipachika kwenye seli za masti za kijusi. Vitoto vya panya hao vilionyesha dalili za mzio siku ya kwanza kabisa vilipokutana na chavua ambayo mama yao alikuwa na mzio nayo. Baada ya wiki chache IgE hiyo ilipungua na dalili zikafifia.

Huo ni utafiti wa panya, na mimba ya panya si mimba ya binadamu. Lakini unatupa mwanga kuhusu jinsi mtoto anavyoweza kuwa na vipele vya mzio mapema mno, kabla mwili wake haujapata muda wa kujifunza mzio wenyewe.

Njia ya tatu ni ishara za kikemikali. Ujauzito wenyewe huelekeza kinga ya mama upande unaotuliza mapambano ili mwili wake usimkatae mtoto, na upande huo kwa bahati mbaya unakaribiana na upande wa mzio. Mama mwenye mzio mkali usiodhibitiwa huongezea uzito upande huo. Mama ambaye kinga yake hukutana na vijidudu vingi visivyo na madhara hupata seli nyingi zaidi za kutuliza, na uzito hupungua.

Mama mkwe ananiambia nisile mayai, samaki wala karanga ili mtoto asipate aleji. Nimsikilize?

Mheshimu, lakini kula. Labda wewe mwenyewe uwe na mzio wa kimojawapo cha vyakula hivyo. Hapo unakiacha kwa usalama wako.

Wazo hili halikuwa la wazee wetu peke yao. Mwaka 1998 wataalamu wa serikali ya Uingereza walishauri wajawazito wenye mzio katika familia waepuke karanga. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kilitoa ushauri unaofanana na huo. Miaka ilipita, akina mama wakatii, mzio wa karanga haukupungua. Marekani waliuondoa ushauri huo mwaka 2008, Uingereza mwaka 2009. Majaribio yaliyowagawa wajawazito makundi mawili, wanaoepuka na wanaokula, hayakuonyesha faida kwa mtoto, na baadhi ya walioepuka hawakuongezeka uzito kama ilivyotakiwa.

Kwa huku kwetu hasara ni kubwa zaidi. Mjamzito wa Rungwe au Ludewa akiondolewa mayai, karanga, maharage na usipa wa Ziwa Nyasa, amebakiwa na ndizi, viazi na ugali. Protini imekwenda, na madini ya chuma yamekwenda pamoja nayo. Upungufu wa damu huua wajawazito; yai halimuui mtoto. Nikiambiwa nichague jibu moja tu la ukurasa huu likabandikwe ukutani jikoni, ningechagua hili.

Natumia dawa ya kuvuta ya pumu. Niiache nikiwa mjamzito?

Usiiache. Inhela ya salbutamol na zile za kuzuia uvimbe wa njia za hewa, kama beklometasoni na budesonidi, hutumika wakati wa ujauzito kwa miaka mingi sana. Hatari iko kwenye pumu iliyoachwa: mama akikosa hewa, mtoto anakosa oksijeni, na shambulio kali huongeza uwezekano wa njiti na uzito mdogo.

Kuna sababu nyingine inayohusu mada yetu moja kwa moja. Kule Australia wajawazito wenye pumu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja dawa zao zilipangwa kwa kufuata dalili tu. Lingine zilipangwa kwa kupima gesi ya naitriki oksaidi wanayotoa kwenye pumzi, ambayo huonyesha uvimbe wa mzio ndani ya mapafu. Watoto wao walifuatiliwa hadi miaka 4 hadi 6, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: waliokuwa na pumu ni asilimia 26 hivi katika kundi lililopimwa pumzi, na asilimia 43 hivi katika kundi lingine. Watoto hao hawakuwa wengi, na kipimo hicho si cha kawaida katika zahanati zetu. Lakini kwangu hiyo ndiyo habari njema kuliko zote katika mada hii: uvimbe wa mzio ndani ya mama unaweza kutulizwa, na mtoto akafaidika.

Kwa kawaida, theluthi moja hivi ya wajawazito pumu yao huzidi, theluthi hupata nafuu na waliobaki hawaoni badiliko. Usisubiri kujua uko kundi gani. Mwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki, iandikwe kwenye kadi. Dawa za kuwashwa unazonunua duka la dawa, hata zile ulizozizoea, muulize kwanza.

Moshi wa jikoni una uhusiano na mzio wa mtoto?

Una uhusiano na kifua chake, na hapa nyanda za juu ni jambo la kulipa uzito mkubwa. Moshi wa sigara wakati wa ujauzito, wa mama mwenyewe au wa mumewe, umethibitika kuongeza watoto wenye kifua kinacholia kama filimbi. Huzuia ukuaji wa mapafu tumboni na kuacha alama za kikemikali juu ya jeni za mtoto. Moshi wa kuni una chembe ndogo na kemikali nyingi zilizomo pia kwenye moshi wa sigara.

Sasa fikiria Juni na Julai, umande ukiganda Kitulo, madirisha yamefungwa, mama mwenye mimba ya miezi saba yuko karibu na mafiga asubuhi na jioni. Kumwambia anunue gesi kesho ni rahisi kwa anayesema. Anza na yanayowezekana: kuni zikauke vizuri kabla ya kuwashwa, maharage yalowekwe usiku ili yaive haraka, jiko liwe na tundu la moshi juu na dirisha upande wa pili, na zamu za kupika ziangukie watu wengine wa nyumbani, wanaume wakiwemo. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto. Gesi yake haina harufu, na imeua familia nzima usingizini.

Mume wangu anafuga ng'ombe. Nasikia watoto wa wafugaji hawapati mzio. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na mama yumo ndani ya hadithi. Tafiti za vijijini Ulaya, za Uswisi, Austria na Ujerumani ya kusini, zilikuta pumu na mafua ya mzio ni chache kwa watoto wa mashamba ya ng'ombe. Mwaka 2006 kundi moja lilikwenda mbele: watoto ambao mama zao walifanya kazi zizini wakiwa wajawazito ndio waliokuwa na kingamwili chache za mzio, na chembe zao za damu zilikuwa na vipokezi vingi zaidi vya kutambua vijidudu. Kinga ya mtoto ilianza kufunzwa kabla hajazaliwa.

Marekani nako, mwaka 2016, walilinganishwa watoto wa Kiamishi na wa Kihutterite, jamii mbili za kidini za wakulima wenye asili inayofanana. Waamishi hulima kwa farasi, na zizi liko jirani na nyumba. Wahutterite hutumia mashine, na mifugo iko mbali. Pumu ilikuwa asilimia 5 kwa Waamishi na asilimia 21 kwa Wahutterite. Vumbi la nyumba za Waamishi lilipopewa panya, liliwakinga na pumu.

Ila sikiliza, mama. Faida hiyo isikufanye unywe maziwa mabichi. Maziwa yasiyochemshwa hubeba bruselosisi, ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa binadamu pia unaweza kuharibu ujauzito, na hubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsha. Na ng'ombe akizaa au kutupa mimba, mjamzito asishike kondo wala majimaji yake. Mwingine avae glavu akafanye kazi hiyo.

Kliniki wananipa dawa ya minyoo. Nimesoma kwamba minyoo huzuia mzio. Ninywe au nisinywe?

Kunywa, baada ya miezi mitatu ya kwanza, kama muuguzi anavyokuelekeza.

Ulichosoma hakijatoka hewani. Minyoo hukaa mwilini kwa kutuliza kinga ya mwenye mwili, na utulivu huo huweza kumgusa mtoto tumboni. Jirani zetu wa Entebbe, Uganda, walifanya jaribio kubwa lililowahusisha wajawazito 2,507. Wengine walipewa albendazoli, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba watoto wa waliopewa albendazoli walipata pumu ya ngozi utotoni kwa kiasi cha mara 1.8 ukilinganisha na wa kundi lingine. Kwa akina mama waliokuwa na kichocho, prazikwanteli nayo ilikuwa na mwelekeo huo huo. Lakini walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 9, tofauti hiyo haikuonekana tena.

Nauthamini utafiti huu kwa sababu umefanywa Afrika Mashariki, kwa akina mama wanaokula na kuishi kama sisi, na kwa sababu unathibitisha kwamba hali ya kinga ya mjamzito hugusa ngozi ya mtoto. Hausemi ubaki na minyoo. Minyoo ya safura inanyonya damu kila siku, na mjamzito asiye na damu ya kutosha yuko hatarini siku ya kujifungua. Ngozi inayowasha inatibika.

Maziwa yangu yanaweza kumpa mtoto aleji?

Maziwa ya mama yana kingamwili za IgA zinazopaka utumbo wa mtoto, yana kemikali za kutuliza kinga, na yana vipande vidogo mno vya chakula ulichokula. Vipande hivyo vinaonekana kuwa na kazi yake. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwa panya tena, kwamba kichochezi kilichopita kwenye maziwa pamoja na kemikali hizo kiliwafundisha watoto kukizoea badala ya kukipiga vita.

Nyonyesha maziwa pekee miezi 6, kisha endelea huku ukimpa chakula. Kunyonyesha hupunguza kuharisha na nimonia, na hupunguza kifua kulia miaka ya mwanzo. Siahidi kwamba kutazuia mzio wa kila aina.

Wapo watoto wachache ambao wakinyonya hupata choo chenye damu na makamasi kwa sababu ya protini ya maziwa ya ng'ombe aliyokunywa mama. Hapo mhudumu anaweza kukuambia uache maziwa ya ng'ombe kwa wiki 2 hadi 4, halafu uyarudie uone. Usijikatie vyakula 7 kwa mpigo kwa ushauri wa jirani.

Mtoto aanze lini karanga na mayai?

Mapema, akishafika miezi 6. Jaribio lililofanyika London likachapishwa mwaka 2015 liliwachukua watoto wachanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu walizuiwa. Walipofika miaka 5, mzio wa karanga ulikuwa asilimia 3.2 kwa waliokula na asilimia 17.2 kwa waliozuiwa. Uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa ambao bibi zetu wanapika unaendana kabisa na matokeo hayo.

Angalia mambo mawili. Karanga nzima zisitiwe mdomoni mwa mtoto mdogo, zitampalia. Na karanga zenye ukungu zitupwe kwa sababu ya sumukuvu, kuzikaanga hakuiondoi. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi aonwe na daktari kabla ya kuonja.

Nilijifungua kwa upasuaji. Nimemharibia kinga?

Hapana. Mtoto wa upasuaji hukosa baadhi ya bakteria wa njia ya uzazi na ya haja kubwa mwanzoni, na tafiti zinaonyesha ongezeko dogo la pumu, kama asilimia 20 juu ya uwezekano wa kawaida. Upasuaji uliookoa maisha hauhitaji kujutiwa. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe mapema, na usimpe antibiotiki za kununua bila cheti.

Mafuta ya samaki au vitamini vinasaidia?

Mafuta ya samaki yana ushahidi. Denmark, mwaka 2016, wajawazito waliopewa gramu 2.4 za omega-3 kila siku miezi mitatu ya mwisho walipata watoto wenye pumu au kifua cha kulia asilimia 16.9, dhidi ya asilimia 23.7 kwa wengine. Waliofaidika zaidi ni waliokuwa na upungufu. Kiwango hicho ni kikubwa, huwezi kukifikia kwa mboga ya kawaida, lakini mama asiyekula samaki kabisa ana sababu nzuri ya kurudisha usipa mezani. Vitamini D haikutoa jibu la kuridhisha katika majaribio yaliyokwishafanyika.

Ninaishi na VVU. Kuna tofauti kwa mtoto?

VVU hupunguza kiasi cha kingamwili za IgG zinazovuka kondo, kwa hiyo chanjo za mtoto zisichelewe hata wiki moja. Endelea na ARV zako. Wewe au mtoto mkitokwa na vipele baada ya kuanza septrini au dawa nyingine, rudini kituoni siku hiyo hiyo, hasa vikiwa na malengelenge, homa au vidonda mdomoni. Huenda huo ni mzio wa dawa, na unaweza kuwa mkali.

Unga wa njano wa paini hapa Mufindi ndio unaotuumiza?

Mara chache sana. Chavua ya paini ni kubwa na nzito, haiingii kifuani kirahisi. Chavua ya majani, isiyoonekana kwa macho, na utitiri wa magodoro ndio watuhumiwa wakubwa. Fua mashuka kwa maji ya moto, anika blanketi juani.

Ni dalili zipi za kumkimbiza mtoto hospitali?

Midomo au ulimi kuvimba, sauti kukauka ghafla, kupumua kwa shida, kutapika mfululizo muda mfupi baada ya kula, kulegea, au kupauka pamoja na vipele mwili mzima. Nenda kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama umezoea kutibiwa hospitali za Meta, Tosamaganga au Ikonda, kwa sababu sindano ya adrenalini ndiyo tiba ya kwanza na inachomwa pajani bila kuchelewa. Vidonge vya aleji havitoshi. Akiwa amelegea, mlaze na umwinulie miguu. Akiwa anahangaika kupumua, mwache akae. Mweleze mhudumu alikula au alinywa nini na saa ngapi, na usikubali kurudi naye nyumbani mara tu anapopata nafuu, maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.